Chunusi Walizosema Zamani Hazikuwepo

Nimechelewa kuandika haya kwa sababu ugonjwa wenyewe, ukiutaja, watu hucheka. Chunusi. Nani aliyewahi kuogopa chunusi? Mie niliziogopa. Mama aliziogopa, na Baba aliogopa kutushinda sote ingawa hakusema neno. Naandika kwa ajili ya kijana ambaye leo kajifungia chumbani, na kwa ajili ya mama aliyesimama nje ya mlango huo, hajui agonge au aondoke.

Kwetu ni Tandika, Temeke. Nyumba ilikuwa ya Baba, yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili. Vya mbele tulipangisha, vya nyuma tulikaa wenyewe. Baba alikuwa fundi seremala mwenye banda lake Keko. Mama alipika vitumbua barazani kila asubuhi. Chumba cha uani alikaa Bibi, mama yake Baba, Mzaramo wa Kisarawe aliyehamia mjini alipofiwa na mumewe. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka yameanza kujaa sabuni za kila rangi na mafuta ya kopo yaliyonukia kama peremende, na mitumba imemwagwa chini kila kona.

Kuna mtu mmoja zaidi lazima nimtaje, ingawa wakati naugua alikuwa ameshazikwa. Baba mdogo Pazi aliendesha malori ya Zambia. Mwaka mmoja kabla ya ugonjwa wangu alirudi nyumbani amekonda, ngozi imeota vidonda, akalazwa chumbani kwangu kwa sababu hakukuwa na chumba kingine. Mie ndiye niliyemgeuza kitandani na kumwogesha. Alipofariki ilisemwa ni kifua. Hakuna aliyeutaja ule ugonjwa, na hakuna ambaye hakuujua. Ila kulikuwa na jambo nililolijua peke yangu: ndevu zangu za kwanza zilipoota, Baba mdogo, akiwa bado anaweza kukaa, ndiye aliyenifundisha kunyoa. Nilinyoa kwa mashine yake, na wembe uliokuwamo ulikuwa wake.

Vipele vilianza wakati wa kipupwe, nikiwa kidato cha tatu. Vilianza kwenye paji la uso, vikashuka mashavuni. Shuleni waliniita Fenesi, nami nilicheka nao. Kila kijana alikuwa na vyake viwili vitatu. Wapangaji walisema natakiwa kuoa. Bibi peke yake hakufanya mzaha. Aliushika uso wangu kwa vidole vyake vikavu, akaugeuza kwenye mwanga, akasema, "Sie zamani hatukuwaga na vitu hivi. Kijana akibalehe, ngozi inang'aa tu. Hizi ni sabuni zenu."

Basi uani ukawa na mjadala wa kila siku. Bibi alilaumu sabuni na mafuta ya kopo. Mama alilaumu chipsi nilizokula nikitoka shule. Mama Rehema, mpangaji wetu wa chumba cha mbele, alilaumu mashati ya mitumba, akisema ni nguo za kafa Ulaya na mwenyewe hujui alikufa na nini. Wote walikubaliana jambo moja, kwamba zamani chunusi hazikuwepo. Nikaacha sabuni, nikaacha chipsi, nikaacha hata shati langu zuri la mitumba. Vipele havikuacha kitu.

Mvua za vuli zilipoanza, mambo yakageuka. Sijui niyaeleze vipi bila kumtia mtu kichefuchefu. Vipele vya usoni viliungana vikawa majipu, vikashuka shingoni, vikatambaa mabegani, kifuani na mgongo mzima. Vilipasuka vyenyewe na kuacha vidonda vyenye magamba meusi yaliyotoa damu nikijigeuza. Nililala kwa tumbo, na tumbo pekee ndilo lililobaki zima. Asubuhi shati lilikuwa limegandamana na mgongo. Mama alilichovya kwa maji ya uvuguvugu na kulibandua taratibu, akipuliza kama anayempozea mtoto mchanga uji wa moto. Kisha ikaja homa. Kisha magoti na nyonga zikakaza, nikawa siwezi kuchutama chooni bila kushika ukuta. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilitembea kama Bibi.

Nikaanza kukonda. Siku niliyoona mifupa ya mabega yangu kwenye kioo, nilimwona Baba mdogo Pazi. Nilikigeuza kioo kikatazama ukuta.

Shule niliacha. Zahanati walinichoma sindano za penisilini hadi makalio yakawa magumu, homa ikabaki palepale. Bibi alinichemshia mwarobaini, nikaoga nikiuma meno. Sahani yangu na kikombe changu vilitengwa. Hakuna aliyetoa amri. Nilivikuta tu siku moja juu ya rafu, peke yake, vimefunikwa kitambaa. Wateja wa vitumbua wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Mchana mmoja nikiwa nimelala, nilimsikia Mama Rehema dirishani akimwambia mwenzake kwa sauti ya chini, "Naye kashakanyaga waya, kaupata uleule. Si alikuwa akilala chumba kimoja na yule baba yake mdogo?"

Ninachotaka ajue anayesoma ni kwamba hofu ya namna hiyo haikai kichwani. Inakaa tumboni, chini ya mbavu, na hata ukisinzia inakaa macho. Nilikuwa sijawahi kumjua mwanamke. Hilo halikunisaidia kitu, kwa sababu nilikuwa na wembe.

Na Baba alikuwa haingii chumbani kwangu. Alirudi kutoka Keko, akasimama ukumbini, akamuuliza Mama nimeshindaje, kisha akatoka tena. Zamani tulikuwa tunakaa naye uani tukicheza bao. Sasa nilijua muda wake kwa kishindo cha viatu vinavyofika mlangoni pangu na kusita. Nikaamini ananionea kinyaa. Nilimchukia kidogo, na kumchukia kulinipa nguvu.

Mama ndiye aliyenipeleka hospitali kubwa mjini. Tulikaa kwenye benchi la zege tangu asubuhi, kwenye ukumbi mrefu uliojaa watu wenye mabaka, mba, vidonda na watoto wanaolia. Hata kule, kwa wagonjwa wa ngozi, watu walisogea mbali nilipokaa. Shati langu la rangi ya maziwa lilikuwa limeanza kulowa damu mgongoni, nami nikauegemea ukuta ili lisionekane, na kuegemea kuliniuma hadi machozi yakanitoka. Kando yetu alikuwapo mama mmoja mkulima aliyetoka mashambani Kinyerezi, mguu wake umefungwa majani. Hakuniuliza ninaumwa nini. Alifungua kifurushi chake, akatoa kanga, akanifunika mabegani.

"Kaa mbele, mwanangu, usiegemee," aliniambia. "Hapo hawaoni kitu."

Alipoitwa aliiacha ile kanga. Mama alimfuata kumrudishia, akakataa kuipokea. Sikumwona tena.

Daktari kijana aliyenipima siku hiyo alinitazama akiwa amesimama mbali. Alimuuliza Mama kama nyumbani kuna aliyefariki karibuni, Mama akasema shemeji yake. Akauliza alikufa na nini. Mama akaanza kuniweka sawa ile kanga mabegani. Ikaandikwa nitolewe damu. Waliichukua, wakatuambia turudi baada ya wiki mbili.

Wiki mbili hizo zilikuwa mbaya kuliko maumivu yote. Wapo watakaosoma haya wakiwa ndani ya kusubiri kama kule, na sina dawa ya kuwapa isipokuwa hii: mwambieni mtu mmoja. Mie nilimwambia Mama. Alikuwa ameniletea uji, nami nikamsimulia habari ya mashine ya kunyolea na wembe, nikitazama miguu yake kwa sababu sikuweza kumtazama usoni. Hakulia. Alikaa kitandani, mahali ambapo kwa muda mrefu hakuna aliyekaa. Akachukua kikombe changu, kile kilichotengwa, akanywa uji nusu, akanipa nusu.

"Kama ni hivyo, basi ni hivyo," alisema. "Utakufa mikononi mwangu, hutakufa mikononi mwa watu."

Labda yataonekana maneno makali. Kwangu yalikuwa kama kufunikwa shuka. Usiku ule nilipata usingizi.

Siku ya majibu, Mama alijiandaa, ghafla Baba akatokea amevaa shati lake la Ijumaa akasema atanipeleka yeye. Nilipopanda ngazi za hospitali magoti yalinigomea, akanishika kiwiko, mara ya kwanza kunigusa tangu vuli ianze.

Safari hii tuliingia kwa daktari mwingine, mtu mzima, bingwa wa ngozi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliangalia karatasi, akasema damu yangu ni safi, haina ule ugonjwa. Alisema hivyo tu, kama anayesema mvua imekatika. Nilisikia maneno lakini mwili haukuyaamini; nilibaki nimekaza misuli nikingoja sehemu ya pili. Baba naye hakuonyesha furaha. Nilishangaa. Alikuwa bado ameikaza taya.

Daktari akanivua shati mwenyewe, kwa mikono mitupu bila kinyaa, akanizungusha mbele ya dirisha, akabonyeza magoti, akauliza habari ya homa. Kisha akasema, "Hizi ni chunusi."

"Chunusi?" Baba aliuliza. "Chunusi zinamlaza mtu kitandani?"

Daktari alieleza kwamba kuna chache, hasa kwa vijana wa kiume, zinazokuja na hasira namna hiyo, zikaleta homa na kushika viungo. Hazitoki kwenye shati wala sabuni, wala haziambukizi. Akauliza kama kwenye ukoo yupo aliyewahi kuugua hivyo. Nilijua jibu, nilikuwa nimelisikia uani kila siku. Nikasema hapana, zamani kwetu hakukuwa na chunusi.

Baba alisimama. Nilidhani anataka kuondoka. Akaanza kufungua vifungo vya shati lake la Ijumaa, kimoja kimoja, akalivua, akavua na fulana, akamgeuzia daktari mgongo.

Sikuwahi kuuona mgongo wa baba yangu. Alioga peke yake, na hata kwenye joto la Februari, wanaume wote wakiwa vifua wazi uani, yeye alivaa fulana. Mgongo ule ulikuwa umechimbika mashimo kwa mashimo kuanzia shingoni, na katikati ya mashimo kulikuwa na makovu manene yaliyolala kama kamba. Ulikuwa mgongo wangu, uliopona.

Daktari aliutazama kwa muda. Akauliza, "Walikwambia ni nini?"

"Ndui," alisema Baba. "Nilikuwa kijijini, na umri kama wa huyu."

"Nani mwingine aliugua pale kijijini?"

"Hakuna."

Daktari alimwambia avae. Alisema ndui humjaa mtu usoni, mikononi na miguuni hadi kwenye viganja na nyayo, wala haiwezi kumkalia mtu mmoja mabegani na mgongoni ikaacha nyumba nzima. Baba alikuwa amelishika shati bila kulivaa. Kisha akasimulia, akimtazama daktari, lakini nilijua anazungumza na mie. Walimjengea kibanda shambani, mbali na nyumba. Chakula kiliwekwa kwenye kisiki, mwenye kukileta akiondoka ndipo anatoka kukifuata. Alikaa humo masika yote, mvua ikivuja. Alipopona, watu walishukuru Mungu kwa kuwanusuru wengine. Aliishi akiamini ndui ile ilibaki kwenye damu yake, na mie nilipoanza kuota vidonda, alijua ameniambukiza yeye. Na kwa kuwa redio zamani zile ilishatangaza kwamba ndui imekwisha duniani, alizidi kuogopa: akigundulika, atachukuliwa yeye, nitachukuliwa na mie.

"Nikisimama mlangoni kwake," alisema, "nakiona kile kibanda."

Hapo ndipo nilipolia, si kwa ajili ya majibu ya damu.

Nilipewa vidonge vidogo vya kupunguza uvimbe na vingine vya rangi mbili vya kumeza kwa miezi. Homa ilishuka ndani ya juma lile. Magoti yakafuata. Vidonge vidogo vilinivimbisha uso ukawa kama mkate wa kumimina, nikapata njaa ya kumaliza sufuria, na kila vilipopunguzwa haraka, vidonda vilirudi nami nikarudi kwenye lile benchi la zege nikiwa na hofu ileile. Mfungo wa Ramadhani ulinikuta bado nimo kwenye dawa. Masika yakaja yakaisha. Kipupwe kilichofuata ndipo gamba la mwisho lilipodondoka.

Tangu siku ile ya majibu Baba alikuwa akiingia chumbani kila jioni na kunipaka dawa mgongoni. Mikono ya seremala ni mikavu kama msasa, lakini alijitahidi.

Majirani hawakuamini upesi. Mama alimwambia Mama Rehema damu ni safi, akaitikia alhamdulillah huku akimvuta mwanawe karibu. Basi asubuhi moja Mama aliweka kigoda kando ya jiko lake la vitumbua, akaniita nikae. Nilikataa. Akasema nikikataa hatapika. Nikakaa, uso wangu uliovimba na wenye mabaka hadharani, na watu wakapita. Kwa muda mrefu walipita tu. Kisha akaja fundi baiskeli wa pale kona, akanisalimu kwa jina langu, "Athumani, za kuumwa?", akanunua, akala palepale amesimama mbele yangu. Sidhani kama alijua amefanya nini.

Nitasema machache kwa mwenye kuugua. Usikamue. Usipake kila unachoambiwa. Ukiona homa na viungo vimekaza, usingoje kama tulivyongoja sie. Nenda hospitali, na watu wakijitenga nawe kwenye benchi, kaa hapohapo. Makovu yatabaki. Mie ninayo, na nimeoa nayo, na mke wangu ameyazoea kuliko mie. Hofu nayo hubaki kidogo. Mpaka leo nikipata homa ya kawaida, mkono wangu hupanda wenyewe begani kupapasa.

Na watu huniuliza kama ni kweli zamani hazikuwepo, kwamba ni ugonjwa wa vyakula na vipodozi vya siku hizi. Mie si daktari. Inawezekana zimezidi, inawezekana sasa tunazitazama zaidi kwa kuwa kila nyumba ina kioo. Najua ya nyumba yetu tu, na imebaki jambo moja la kusimulia.

Baba alimweleza Bibi aliyoyasema daktari jioni ileile tuliporudi. Bibi alikataa. Alisema yeye aliiona ndui kwa macho yake utotoni, na daktari yule alikuwa hajazaliwa, na zamani hakukuwa na chunusi. Baba hakubishana naye. Kwa siku nyingi Bibi alikaa chumbani kwake, akitoka kwa ajili ya udhu na chakula tu. Nikipita alinitazama mgongo.

Alasiri moja, masika yakielekea ukingoni, nilikuwa nimekaa kwenye mkeka uani nikianika mgongo juani. Baba alikuwa amewahi kurudi. Bibi alimwita kutoka ndani, kwa jina bila kuongeza kitu, kama anavyoitwa mtoto: "Kondo." Akaingia. Mlango wa chumba ulikuwa wa pazia tu, na mie nilikuwa karibu.

Bibi alimwambia avue shati. Nikasikia nguo ikivuliwa. Nadhani Bibi alikuwa akimpapasa mgongo, kwa sababu macho yake wakati huo yalikuwa yameshaanza ukungu.

"Ulikuwa unalia kule shamba," alisema.

"Mwanzoni, mama. Baadaye nilizoea."

"Hukuzoea. Nilikuwa nasikia." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nilikuwa naweka chakula, naondoka unione nimeondoka. Kisha narudi nakaa kwenye mihogo, mvua inaninyeshea, nakusikiliza mpaka ulale. Kila siku, Kondo. Niliogopa kukusogelea, na kuondoka sikuweza."

Nilisikia kigoda kikiburutwa sakafuni, kisha nikamsikia Baba akikaa, karibu kabisa na mahali sauti ya Bibi ilikotokea.